Dawa Waliyoambiwa Kuku

Kuku wa nyumbani kwetu hawakuwa wangu. Nilikumbushwa hilo kila nilipomfukuza mmoja jikoni kwa fagio. Mke wangu aliinua kichwa, akanitazama, akasema, "Ile kuku ni ya mama yangu." Nami nikaweka fagio chini.

Aliolewa kutoka Kibua, kule Walikale. Siku alipoletwa Nyamitaba aliteremka kwenye pikipiki akiwa amekumbatia kikapu, na hakukubali mtu amsaidie kukibeba. Ndani mlikuwa na jogoo mmoja na matetea wawili wa madoadoa meusi na meupe, wafupi wa miguu na wakubwa wa kiburi. Mama yake alikuwa amefuga mbegu ile tangu usichana wake, naye aliipata kwa mama yake mzazi. Sisi wa vilima vya Masisi tumezoea kuku wekundu, warefu, wenye kukimbia. Wale wafupi niliwacheka wiki nzima, mpaka walipoanza kutaga, nikakoma.

Kisha watu wa Kibua wakakimbia. Sitayasimulia hayo, maana kila nyumba ya huku ina habari yake ya kukimbia, na ya mama mkwe ni fupi. Aliporudi alikuta nyumba imesimama na banda liko tupu, hata unyoya haukubaki. Mbegu ya mama yake ikawa imebaki mahali pamoja tu, napo ni uani kwangu. Akatuma ujumbe kwamba siku binti yake atakapojifungua, atakuja kumwogesha mtoto, na wakati wa kurudi atachukua jogoo na matetea ili aanze upya.

Mke wangu aliniambia habari hiyo akiwa na mimba ya miezi mitano. "Uzichunge vizuri," akasema.

Nikamwambia asinifundishe kazi. Nilikuwa na tetra.

Tetra ni vile vidonge vya rangi mbili ambavyo binadamu humeza akiwa na homa, kidonda au wasiwasi. Nilivipata katika duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkatoliki mwema mwenye rozari inayoning'inia juu ya mizani, anayeuza misumari, sukari, betri na dawa kwenye meza moja. Kuku mmoja akipiga chafya, nilifungua kidonge, nikamimina unga kwenye maji, maji yakawa ya manjano, na kuku wote wakanywa, wazima kwa wagonjwa. Kesho yake wakichangamka niliacha. Majirani walinijia kuniuliza dozi. Walianza kuniita dokta, nami sikuwakataza. Kazi yangu hasa ni kupika jibini, fromaji kama tunavyosema huku, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniita dokta kwa sababu ya jibini.

Mtoto akazaliwa, msichana mwenye sauti kubwa. Kwetu mzazi hulishwa vizuri, nami nilijitoa kwa roho yangu yote. Kila asubuhi nilimpelekea mke wangu mayai mawili ya kuchemsha ya kuku wale wale, nikasimama mlangoni kumwangalia akila, nikijisifu moyoni kuwa mume bora wa kilima kizima.

Wiki ya pili kuku wakaanza kuhara. Kinyesi kilikuwa cha kijani na cheupe, mabawa yakashuka, wakasimama pembeni wamefumba macho. Nikaweka tetra. Tetea mmoja akafa. Nikaongeza tetra mara mbili, akafa wa pili. Kati ya saba walibaki watano, na siku hiyo hiyo, mchana, pikipiki ikasimama mbele ya nyumba, akateremka mama mkwe na kikapu kitupu.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamkai mkeka mmoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkiwa na neno, linapita kwa mke. Si ugomvi, ni heshima, na ikifanywa vizuri inapendeza. Tukagawana uwanja bila kuambiana. Yeye alichukua mbele, upande wa jikoni. Mimi nikabaki nyuma, penye kibanda changu cha jibini. Nilipotaka kwenda barabarani nilizungukia kwenye shamba la maharagwe kama mwizi.

Siku ya kwanza mke wangu alipeleka maneno yetu. Siku ya pili akatukatalia wote wawili. "Miye siko telefoni yenu," akasema akiwa kitandani. "Nimezaa juzi. Muniache nilale."

Mama mkwe hakuwa mtu wa kushindwa na jambo dogo namna hiyo. Nilikuwa nyuma nakamua jibini kwenye kitambaa niliposikia sauti yake mbele, taratibu, kama ya mtu anayeongea na wageni.

"Kuku," akasema, "iyi mayi ya manjano munakunywa hapa, nani alibapatia?"

Nikaacha kukamua.

"Na mayai yenu, nani iko anayakula?"

"Ni miye, Mama," mke wangu akajibu kutoka ndani. "Mbili kila asubuhi."

Nikasikia maji yakimwagwa, yote, na bakuli likigongwa kwenye jiwe.

"Basi kuku, muambie mwenye nyumba yenu. Muntu mwenye amezaa anakulaka mayai ya kuku yenye iko muzima. Hakulake mayai ya kuku yenye iko ku hospitali."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Miaka yote ile nimetunza kuku zake, halafu anakuja na kikapu chake kunimwagia dawa. Sikuweza kumjibu. Lakini jogoo alikuwa amefika upande wangu akidokoa mahali nilipomwagia maji ya jibini, nikamgeukia yeye, kwa sauti ya kutosha kuvuka paa.

"Jogoo, umuambie mugeni kwamba hapa kwetu tuko na dawa ya farmasi. Hatuko mu pori."

"Kuku," sauti ikarudi, "mu pori kuku yangu haikufaka hivi."

Tangu hapo tukawa na njia ya kuongea. Sijui kama wazee wangeikubali, lakini hawakuwapo.

Kesho yake asubuhi tetea wa tatu akafa. Nikamwita veterineri, daktari wa mifugo, na nikiri hapa kwamba sikumwita kwa ajili ya kuku. Nilimwita aje aseme mbele ya watu kwamba mimi nina haki. Ni dada mmoja mwembamba anayezunguka vijijini kwa pikipiki, buti zimejaa matope hadi magotini. Akampasua yule kuku kwenye jani la mgomba, akatazama ini, akatazama matumbo, akanawa mikono kwa sabuni muda mrefu. Mama mkwe alikaa mlangoni mwa jikoni akitazama upande mwingine, nami nikasimama kwenye kona ya nyumba nikitazama upande mwingine pia. Veterineri peke yake ndiye alituona wote wawili.

"Iko mikrobe ya mu tumbo," akasema. "Papa, ile tetra ulikuwa unabapatia siku ngapi?"

"Mpaka inapona."

"Mpaka inapona ni siku ngapi?"

"Mbili. Ao moja, kama inaanza kukimbia."

Akatikisa kichwa, bila ukali. "Papa, ulifungulia mikrobe masomo. Siku moja unaua zile zenye ziko bila nguvu. Zile za nguvu zinabaki, zinazaa zingine za nguvu. Miaka yote umefanya vile. Leo tetra kwao iko kama chai tu."

Kisha akamaliza kazi. "Na dawa inaingiaka mu mayai. Mama wa mutoto asiyakule tena mpaka niseme."

Niliona aibu, na si aibu ya mzaha. Niliwaza yale mayai mawili ya kila asubuhi, mimi nimesimama mlangoni najisifu, mke wangu akimeza dawa ya kuku na kumnyonyesha mtoto wangu. Kama ardhi ya Nyamitaba ingepasuka ningeingia kwa hiari.

Mama mkwe angeweza kunimaliza pale. Badala yake alimwuliza veterineri swali. Alitaka kujua kama mubirizi unafaa. Mubirizi ni ule mti wa majani machungu unaoota kwenye kila ua wa huku, ambao sisi tunaunywa tukiumwa tumbo. Mama yake, alisema, aliwapa kuku majani yale na vitunguu saumu kila walipoanza kuhara, na hakuwahi kuijua tetra.

Nilitegemea dada wa masomo acheke. Hakucheka. "Iko na bintu ndani yenye inapiganaka na mikrobe," akasema. "Tungulu saumu pia. Bantu ba masomo biko banachunguza, juu antibiotiki ziko zinachoka. Lakini siwezi kubadanganya. Hakuna muntu anajua dozi kama ile yenye wanaandika ku karatasi ya dawa. Na haiponeshe ile pesti yenye inamalizaka kuku ya kijiji muzima, ile iko na vaksini yake. Mujaribu, mutenge zenye ziko wagonjwa, musafishe mahali zinalala, bakunywe mayi safi. Kama haibadilike, muniite, tutafuta dawa ingine, na ile tutaipatia siku zote zenye inaomba."

Alipoondoka walikuwa wamebaki jogoo na matetea watatu, na mmoja wa hao watatu, mlaliaji wa mayai hodari kuliko wote, alikuwa hawezi hata kuinua shingo. Mbegu yote ya Kibua ilikuwa inaweza kuenea katika kile kikapu kitupu na nafasi ikabaki.

Mama mkwe akachuma mubirizi, akautwanga, akauloweka, akachuja maji ya kijani na kuyaweka mbele ya jikoni. Siku ya kwanza, hakuna mabadiliko. Siku ya pili, hakuna. Nilimsikia akiwasemesha kuku, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kuku, juu ya nini hamuponi?"

Nami huku nyuma, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Dawa ya farmasi imeshindwa, sawa, lakini na ya pori imeshindwa pia, tumelingana. Nilikaa kwenye kigoda changu nikiwa na furaha hiyo mbaya, nikitazama ukuta wangu, na ndipo nikaona.

Jogoo alikuja, akapita karibu yangu, akaenda kwenye dimbwi chini ya ukingo wa mabati. Huku kwetu mvua hainyimi mtu, na maji ya paa langu huanguka upande wa nyuma, nayo yamechimba shimo lenye matope, ambamo kinyesi chote cha ua huoshwa na kutulia. Akainamisha kichwa, akanywa. Matetea wawili wakamfuata, wakanywa. Kisha wakarudi mbele, mama mkwe akawaona wamesimama karibu na bakuli lake, akadhani wameshakunywa dawa.

Hakuna kuku hata mmoja aliyekuwa akinywa yale maji machungu. Bila shaka walionja siku ya kwanza, wakatikisa vichwa, wakaja kunywea kwangu ugonjwa ule ule. Yeye hakuliona dimbwi kwa sababu hakukanyaga upande wangu, kwa heshima. Mimi sikuwaona wakilikataa bakuli kwa sababu sikukanyaga upande wake, kwa heshima. Kuku peke yao ndio walioruhusiwa kuzunguka nyumba nzima, na kuku hawasemi.

Nilikaa na siri ile muda wa kupika sufuria moja ya maziwa. Nikinyamaza, hakuna atakayesema tena habari ya tetra yangu. Nikisema, nitakuwa nimemwonyesha kosa mama mkwe, jambo lisilofanywa, na pia nitakuwa nimekiri kwamba dimbwi lile lilikuwa langu, nami nilikaa miaka na kigoda changu mbele yake bila kuweka hata jiwe. Kisha nikamkumbuka yule mlaliaji, shingo yake chini. Nikasimama, nikashika ukuta.

"Kuku," nikasema. Nikaongeza sauti ivuke paa. "Kuku, mumuambie Mama kwamba dawa yake iko muzuri lakini hamuinywi. Iko machungu. Munakuja kunywa matope huku kwangu nyuma. Na lile shimo ni kosa yangu, haiko yake."

Nikadhani nimeharibu kila kitu.

"Kuku," akasema mwishowe, "mumuambie aksanti. Na mumuulize, sasa tufanye nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu mtoto azaliwe. Watu walikuwa wakiniambia tu. Nikatazama huku na huku kama mwanafunzi, na macho yakaangukia miguu yangu, pale nilipomwagia maji ya jibini. Maziwa yakishaganda, ule umajimaji unaobaki tunawapa nguruwe, na kila siku kuku hugombania matone yake mpaka nawasukuma kwa mguu. Ndani ya kibanda nilikuwa na ndoo nzima, chachu kidogo, yenye harufu wanayoipenda.

Nikaweka ndoo kwenye kona ya nyumba, nikarudi nyuma hatua nyingi. Mkono ukatokea upande wa pili, ukaichukua.

Alichanganya pumba za mahindi na mubirizi uliotwangwa laini, vitunguu saumu, na maji ya jibini ya kulowanisha tu, kwani mengi mno nayo huharisha. Sikumwona akifanya. Nilisikia mchi, na kisha nikasikia vidomo vitatu vikigonga sahani ya bati kwa kasi. Yule mlaliaji alilishwa kwa kidole. Nami nilijaza dimbwi kwa mawe, nikaliwekea mfereji, nikafagia banda, nikachoma nyasi zote za kulalia, na nilifanya hayo bila kuambiwa na mtu wala kuku.

Siku ya nne kinyesi kikaanza kushikana. Mama mkwe alikitangaza kwa furaha ambayo watu wengine huweka kwa ajili ya ubatizo. Baada ya wiki jogoo akawika saa zake za kawaida, na yule mlaliaji akainua shingo, akamdona mke wangu mguuni. Mke wangu akacheka, mtoto akaamka, akalia, na nyumba ikarudi kuwa nyumba.

Nilimwuliza veterineri aliporudi ni nini hasa kiliwaponya. Akasema hajui. Huenda ni majani, huenda ni saumu, huenda ni kuacha matope, huenda ni vyote, na wale waliobaki walikuwa wenye nguvu. Nilimpenda kwa jibu hilo. Mimi wakati wa udokta wangu sikuwahi kusema sijui hata mara moja. Akawachanja kuku dhidi ya ile pesti, na kabla ya kuwasha pikipiki alimruhusu mke wangu kula mayai.

Kisha ikaja siku ya kuondoka, na hesabu ilikuwa ngumu: jogoo mmoja, matetea watatu. Mama mkwe aliwaambia kuku kwamba yeye atachukua tetea mmoja tu, na jogoo abaki, kwani hapa ndipo kwa binti yake. Mke wangu akalia. Nikatoka upande wangu, nikiwa nimegeuza uso, nikamkamata jogoo mwenyewe, nikawakamata na matetea wawili, nikawaweka kikapuni na kukifunga kwa kamba. Tulibaki na yule mlaliaji, aliyekuwa amekalia mayai sita. Kama yangeharibika, kwetu mbegu ingekwisha. Nilijua hivyo nilipokuwa nikifunga fundo.

Hayakuharibika. Vikatoka vifaranga vitano, vyote vya madoadoa, vyote vya kiburi.

Baada ya muda simu ya mke wangu ikalia, nasi tuko uani. Akasikiliza, akatabasamu, akaniwekea simu sikioni. Nikataka kukataa, lakini sikusikia mtu. Nilisikia mlio wa vifaranga, vingi, na mbali kidogo jogoo wangu akiwika huko Kibua. Kisha ile sauti, taratibu, haisemi nami.

"Kuku, mumuambie ule mukwe wangu kwamba batoto ni kumi na moja. Mumuambie, wakati tulikimbia, nyumba niliililia siku moja. Ile banda ndio nililia mwaka muzima, juu ilikuwa ya mama yangu. Mumuambie siko nalia tena."

Mke wangu alikuwa ananitazama. Nikashindwa kupata hata mzaha mmoja, mimi ambaye mizaha hainiishii. Nikachuchumaa mpaka chini kwa yule mlaliaji, nikashika simu karibu na kichwa chake.

"Kuku," nikamwambia, "umuambie Mama, siku atarudi kumuona mutoto, ajue hata upande wa nyuma wa iyi nyumba iko yake. Shimo nimeziba."

Kuku akadokoa simu. Huko Kibua, katikati ya vifaranga, nikamsikia mama mkwe akicheka.